Kupe wamepanda hadi ukutani, na mume wangu ameshanunua dawa ya ng'ombe

SWALI

Mama Shamba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bombo, na kidogo nina haraka kwa sababu mzee wangu amepanga kupiga dawa Jumamosi hii na mimi roho haijatulia.

Nyumba yetu ina kiwanja cha kiasi. Mbele tumepanda nyasi za paspalamu, ndipo watoto wanapochezea. Nyuma nina bustani ya mboga: dodo (yaani mchicha), nakati (mboga ya majani ya kienyeji), biringanya, nyanya mistari michache, na matoke kandokando ambayo nimeyatandazia majani makavu shinani. Upande wa kushoto kuna kiwanja kitupu, mwenyewe anakaa Kampala. Jirani yetu hufunga ng'ombe wake humo na nyasi zimefika kiunoni. Kati yetu na kile kiwanja hakuna ukuta, ni ua wa miti tu.

Tangu mvua za mwezi wa tatu zianze, ni kupe tu. Kwanza niliwaona veranda ya jikoni, ambapo mbwa wetu wa ulinzi analala juu ya gunia. Walikuwa wadogo, wa kahawia, wanapanda ukuta kuelekea juu. Nikawafagia, nikamwaga maji, kesho yake nikakuta wengine. Halafu siku moja nachuma dodo kule karibu na ua, nikaona mmoja kwenye pindo la gauni. Huyo alikuwa tofauti: mkubwa, mgongo una rangi ya chungwa na madoa, miguu ina pete nyeupe. Na wiki hii, nikiwa namsuka binti yangu wa miaka minne, mkono ukagusa kitu nyuma ya sikio. Kupe, kashiba damu. Mama mkwe akammwagia mafuta ya taa, tukangoja mpaka akaachia, kisha mama akamponda kwa kucha. Mtoto ana kialama chekundu pale pale.

Sasa kila mtu ana lake. Mzee amenunua chupa ya dawa ya kuogesha ng'ombe, anataka kupiga kuta, nyasi na mboga zote kwa pamoja. Muuzaji amemhakikishia kwamba wakulima wengi wanaipiga hata kwenye nyanya. Wifi yangu anasema tuchome nyasi. Mama mkwe anataka mbwa aondoke na ng'ombe wafukuzwe. Mimi nataka bustani ambayo watoto wataingia bila mimi kuwakagua kama askari wa mpakani.

Je, hiyo dawa ni salama kwa mboga? Mtoto nimpeleke hospitali? Na jirani nimwambieje? Ni mtu mzima kunishinda, na maziwa tunanunua kwake.

Ni mimi, Mama Bustani, Bombo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hiyo chupa mzee asiifungue Jumamosi.

Dawa ya kuogesha imepimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe. Maandishi yake yanakwambia uchanganye kiasi gani kwa lita ngapi za maji, na usubiri muda gani kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Hayasemi usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma dodo, kwa sababu aliyeitengeneza hakuwahi kufikiria kwamba itapigwa kwenye dodo. Hapa Uganda dawa za mifugo zinasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, ile NDA, na dawa za mimea ziko chini ya Wizara ya Kilimo. Ni milango miwili tofauti, na aliyepita mmoja hajapita mwingine. Muuzaji hakudanganya aliposema wako wanaoipiga kwenye nyanya. Wako, na nyanya hizo zinafika sokoni, ndiyo maana mimi za kununua naziosha mara mbili. Lakini dodo ni jani, unalichuma leo, linarudi, unalichuma tena wiki ijayo, na kila utakachokipiga kinaingia sufuriani. Nyuki nao wanaokuchavushia mboga watakufa.

Hata tukiweka sumu kando, kazi yenyewe haitafanyika. Kupe wengi ulio nao saa hizi hawako mahali ambapo pampu inafika. Wako ndani ya nyufa za ukuta na chini ya majani makavu. Utaua wa juu, wa chini watabaki, na baadhi yao watakuwa wameonja dawa bila kufa. Waulize wafugaji wa Mbarara na Kiruhura. Kule kupe wamekuwa sugu kwa dawa za zaidi ya jamii moja, na maabara zimethibitisha. Mambo yaliyowafikisha huko ni haya haya ya kupunguza kipimo, kuchanganya dawa hii na ile, na kupiga kwa kukisia.

Sasa mtoto. Kama hana homa na anacheza, huna haja ya kukimbia hospitali leo. Osha pale mahali kwa sabuni, pangusa kwa spiriti, kisha mwangalie kwa wiki mbili. Ukiona homa, kichwa kinauma, vipele, tezi za shingoni zimevimba, au ile alama imegeuka kidonda chenye kigaga cheusi katikati, mpeleke siku hiyo hiyo. Na ukifika, neno la kwanza umwambie daktari kwamba mtoto aliumwa na kupe, na siku gani. Kwetu kila homa inaitwa malaria. Wampime malaria, ndiyo, lakini homa ya kupe inaletwa na bakteria wa jamii ya riketsia, na dawa ya malaria haiigusi kabisa. Ina antibayotiki yake na inapona vizuri ikijulikana mapema. Usimnunulie mwenyewe dukani.

Kuhusu mafuta ya taa, mpe mama mkwe heshima zake zote lakini mnyang'anye kopo. Mafuta ya taa, Vaseline na njiti ya moto vyote vinamcheleweshea kupe kutoka, na kila anavyokaa ndivyo anavyozidi kutema mate kwenye jeraha, na ugonjwa uko kwenye mate. Tafuta kibano cha nyusi. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale kichwa kinapoingilia, si kwenye tumbo. Vuta juu taratibu, moja kwa moja, bila kunyonga. Ngozi itainuka kidogo, usiogope, endelea na mvuto ule ule mpaka aachie. Kipande cha mdomo kikibaki ndani usichimbe na sindano, ngozi itakitoa yenyewe. Kupe mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti.

Na kuponda kwa kucha kukome kuanzia leo. Nyinyi mko Luweero, jirani na Nakaseke. Mwaka 2017 homa ya Crimea-Kongo, ile ya kutoka damu, ilithibitishwa huko Uganda ya kati, na tangu hapo imekuwa ikijitokeza mara kwa mara kwenye ukanda wetu wa ng'ombe. Inaenezwa na kupe, na pia na damu ya mnyama aliyeambukizwa. Haitokei kila siku na sitaki ukose usingizi. Ila damu ya kupe haina kazi kwenye vidole vya mtu.

Sasa nije kwenye barua yako, kwa sababu jibu uliliandika mwenyewe bila kujua. Umeona kupe wa aina mbili, katika sehemu mbili. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Yule mdogo wa kahawia anayepanda ukuta ni kupe wa mbwa. Huyu hahitaji nyasi wala ng'ombe. Anazaliwa, anakua na kutaga ndani ya nyumba yako, mradi mbwa yupo. Anakula kwa mbwa, anadondoka, anapanda ukuta, anajificha kwenye ufa, anajivua ngozi, kisha anarudi kwa mbwa. Anafanya hivyo katika kila hatua ya maisha yake. Jike likishashiba hutafuta ufa mzuri na kutaga mayai hadi elfu nne, halafu linakufa. Unaweza kufyeka kiwanja chote mpaka kibaki udongo mtupu na huyu asijue kwamba kuna kilichotokea.

Kwa hiyo anza na mbwa, na uanze kwa daktari wa mifugo, si kwa ile chupa ya mzee. Dawa ya ng'ombe ikipakwa mbwa kwa kukisia inaweza kumuua. Kama kuna paka jikoni, mtaje kwa daktari kabla hajaandika chochote, kwa sababu permethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo mbwa anaivumilia, inaua paka. Kuna vidonge vya mbwa vinavyomkinga kwa wiki kadhaa, kuna za kudondoshea shingoni, kuna mikanda ya shingo. Vidonge ni ghali, sikufichi, lakini kwa nyumba yenye mtoto anayemkumbatia mbwa mimi ningechagua hivyo, maana hakuna kinachobaki kwenye manyoya.

Gunia lichome leo. Usilifue, lichome. Mpe kitanda cha mbao kilichoinuka kutoka sakafuni, na kitambaa ambacho utakichemsha kila wiki. Kisha chukua tochi usiku uende kwenye ule ukuta. Angalia pale sakafu inapokutana na ukuta, kwenye kona za fremu ya mlango, nyuma ya waya wa umeme, na kule juu bati linapokalia ukuta. Utawakuta wamejibana, wengine wakubwa wa kijivu, na karibu yao mayai ya kahawia yamerundikana. Kwangua kwa kisu kikuukuu, tia kwenye kopo la maji ya moto yenye sabuni. Nyufa mwagia maji yanayochemka, zikikauka ziba kwa saruji. Fundi wa kupiga plasta nusu siku atakusaidia kuliko pampu. Baada ya hapo kama bado wapo, ndipo mtafute dawa iliyoandikwa kwamba ni ya kuta na mabanda, mbwa na watoto wakiwa nje mpaka ikauke. Rudia ukaguzi wa tochi kila wiki, kwa miezi miwili mitatu, kwa sababu mayai ambayo hukuyaona yataanguliwa tu. Hapa ndipo watu wengi wanapochoka na kusema kupe wamerudi, na kumbe hawakuwa wameondoka.

Yule wa rangi ya chungwa mwenye pete miguuni ni wa ng'ombe. Alitoka kile kiwanja kitupu, akapita chini ya ua. Huyu ni wa nyasi na unyevu. Kupe haruki wala hapai, na hatembei mbali. Wengi hupanda jani, wakanyoosha miguu ya mbele na kungoja kitu kipite, na wakikauka hushuka chini kwenye unyevu ili wapate maji, kisha wakapanda tena. Huyo wa rangi ana tabia zaidi, akihisi pumzi ya mnyama anaweza kumfuata. Lakini wote jua linawaua. Ukiondoa kivuli na unyevu pale ua unapokutana na mboga zako, umewakatia njia.

Ila usianze kufyeka kabla hujajua wako wapi. Chukua kipande cha shuka jeupe kama cha mita moja, kifunge kwenye fimbo, subiri umande ukauke, kisha kikokote polepole juu ya nyasi. Vaa gambuti, suruali iingie ndani ya soksi. Kila baada ya hatua chache geuza shuka uangalie. Wakubwa utawaona mara moja. Wachanga ni wadogo kama mbegu za dodo, wana miguu sita badala ya minane, na hukaa kwa makundi, kwa hiyo ukiona vumbi la kahawia linatembea usilipanguse kwa mkono. Shuka litumbukize kwenye maji ya moto. Kokota paspalamu ya mbele, kokota njia ya bustani, kokota kando ya ua. Nadhani mbele hutapata kitu cha maana kama nyasi ni fupi na jua linafika, na kando ya ua utapata.

Pale utakapowakuta, piga slasha nyasi ziwe fupi, na zile ulizokata zikusanye uziondoe, zisibaki zimelala. Ua upunguze matawi ya chini mwanga upite. Halafu kati ya ua na mboga acha ukanda wa mita moja hivi usio na kitu, mtupu kabisa au wenye kokoto au maram. Kuni na mabati makuukuu yaliyoegemezwa uani yahamishe, panya wanazaliana humo na kupe wachanga wa aina kadhaa hula kwa panya. Majani makavu ya matoke ni kesi ngumu kidogo. Siwezi kumwambia mwanamke wa Luweero aache matoke yake bila matandazo, ardhi itakauka na mkungu utakuwa wa kuchekesha. Yaache, lakini yasifike njiani wala pale watoto wanapopita, na matoke yaliyo karibu kabisa na ua yatandazie kidogo tu.

Kuchoma, mwambie wifi, kunaua walio juu ya majani siku hiyo. Walioshuka chini wanabaki, na moto wa kiangazi hauulizi mpaka wa kiwanja ni wapi.

Jirani sasa. Mama mkwe anataka ng'ombe wafukuzwe. Wakiondoka kesho, kupe hawatawafuata. Watabaki kwenye zile nyasi na njaa yao, na kupe mzima anaweza kungoja miezi mingi bila kula. Katika miezi hiyo atakayepita ni mbwa wako na watoto wako. Ng'ombe anayeogeshwa vizuri kila wiki anakusanya kupe wa kiwanja kizima na kuwaua juu ya ngozi yake. Kwa hiyo humtaki aondoke, unamtaka aoge.

Usiende na malalamiko. Nenda jioni unapofuata maziwa, msalimie, muulize hali ya ndama. Mwambie umekuta kupe wa rangi bustanini na mmoja kwa mtoto, ukaona umjulishe kwa sababu walipo hao hawakosi wa masikioni, wanaoleta ndigana kali, ile Waganda wanayoiita amakebe. Mfugaji yeyote aliyewahi kuzika ndama kwa amakebe atakaa kitako akusikilize. Kisha mpe ile chupa ya mzee. Iko sawa kabisa kwake, mradi haijafunguliwa, tarehe haijapita, na ni ya jamii ile ile anayotumia sasa. Kama ni nyingine, amuulize kwanza daktari wa mifugo wa gombolola. Mzee hatakuwa amepoteza pesa, na wewe utakuwa umekwenda na kitu mkononi. Ombeni pamoja ruhusa ya mwenye kiwanja kufyeka upande unaopakana na ua. Akikataa ndipo mumhusishe mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, si kabla.

Hukuniuliza kuhusu kuku, lakini wapo watakaokwambia. Ni kweli kuku wa kienyeji wanakula kupe, wafungulie wapekue kando ya ua na pale ng'ombe wanapofungwa. Wazuie tu kwenye nakati, watakumalizia. Ukanda mtupu ukikuchosha macho, panda mgagani upande wa mboga, ule ejjobyo. Watafiti wa Kenya waliona majani yake yanafukuza kupe wa ng'ombe na hata kuwaua wachanga. Mimi ningeupanda kwa sababu ni mboga tamu ukipikwa na simsim, kupe wakikimbia ni faida ya juu.

Watoto waendelee kukaguliwa jioni wakioga, angalau mpaka mvua hizi ziishe: nyuma ya masikio, kwenye mistari ya nywele, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti. Lile shuka usilitupe. Likokote tena mwezi wa sita nyasi zikianza kukauka, na tena mwezi wa tisa mvua za pili zikifika, kuanzia kwenye ua.